Zamu ya Shamba la Mjane

Vita ilipotulia, sisi wanawake wa mtaa wetu wa Bunia tulianza kurudia mashamba yetu upande wa barabara ya Komanda. Hakuna aliyethubutu kwenda peke yake, maana wenye silaha walikuwa bado porini. Tukafanya likelemba ya kulima: wiki hii wote kwa huyu, wiki ijayo wote kwa yule, na mwenye shamba anawapikia waliomlimia. Ukikataa chakula chake, umemwambia hutarudi.

Mimi ndiye niliyewafundisha habari za sida, yaani ukimwi. Jamani, nilivyojisikia! Kila Jumapili baada ya ibada nasimama: sida haipiti kwenye sahani, haipiti kwenye jasho. Aliyebisha nilimkemea mbele ya watu.

Siku moja mjane mmoja wa kundi letu, mama wa watoto watatu, alisimama akasema mwenyewe kwamba anakunywa dawa za sida, na zikikuta tumbo tupu zinamwangusha. Aliomba tu shamba lake lilimwe kabla ya mvua. "Mama mwalimu ametufundisha," alisema, "siogopi tena."

Tukaenda, tukalima nusu mpaka saa sita. Akaleta bugali na maharagi, akaanza na mimi kwa heshima. Wote wananiangalia. Nikaona kidole chake kimefungwa kitambaa. Ukweli niliujua, nimeusema mara ngapi! Lakini woga ulinishika. "Asante mama, nimeshiba." Nimeshiba nini? Tangu asubuhi sijaonja hata chai. Basi wote wakashiba, mmoja baada ya mwingine. Akafunika sufuria.

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu yangu. Alifika wa kwanza, akalima, nikampakulia, akala. Kisha akauliza, "Mama mwalimu, kwangu mutarudia siku gani? Imebakia nusu."

Wenzangu wakaanza kukusanya majembe yao. Aibu ikanichoma. Nikamwambia twende hata wawili tu.

"Watu wawili kule? Hapana. Weye iko na watoto, miye iko na watoto."

Mvua ikanyesha, nusu ile haikupandwa. Mavuno yake yalikwisha mapema, njaa ikaingia, dawa akaziacha. Tulimzika kabla ya msimu mwingine.

Watoto wake wanakaa kwangu. Mkubwa ananiita mama. Sijamwambia bado kwamba siku ile sikuwa nimeshiba.