Matanga ya Mtu Aliye Hai

Mimi ni Émilienne, ninakaa Bunia, nyuma ya soko. Nataka kusimulia habari za jirani yangu Emerance, lakini nikizisimulia bila kuanza na ubaya wangu nitakuwa nimedanganya mara ya pili. Ile ya kwanza yatosha.

Vita ilipotutoa kijijini, upande wa Kilo, mume wangu Gauthier alikimbia njia yake, mimi na watoto tukakimbia yetu. Sisi tuliangukia kambi ya waliohama, hapa Bunia. Miezi mitatu sikujua kama yu hai. Kisha dereva mmoja wa lori la Mahagi akaniletea habari: Gauthier amevukia Uganda, amepewa kadi ya mkimbizi, anatibiwa bure, anatusalimia sana. Nilipiga magoti nikamshukuru Mungu. Wiki moja baadaye nikamuua.

Nilimuua kwenye foleni. Chama cha afya cha parokia, kile tunachokiita mutuelle, ambacho watu huchangia kila mwaka ili watibiwe, kilikuwa kinaandika watu wa kambi, na mama aliyekuwa mbele yangu akaninong'oneza kwamba wajane wanaandikwa kwanza na hawalipi kitu. Mtoto wangu mdogo alikuwa mgongoni, ana homa siku ya nne. Mwandishi, Kamate, akauliza bila kuinua macho, "Bwana yako iko wapi?"

"Alikufaka," nikasema. Neno lilitoka jepesi kama mate.

Sikufikiri kwamba nyuma yangu kuna masikio. Jua halijashuka, wanawake wa kambi wakafika kwangu na mikeka, kuni, maharage na sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Kwetu mtu hafiwi peke yake. Walikaa matanga siku tatu chini ya shitingi yangu, turubai la kambi. Ningewaambia nini, wamesimama pale na vyungu kichwani? Nilijifunika kitenge usoni, nao wakadhani ni uchungu.

Aliyelia kuliko wote alikuwa Emerance. Mume wake, Léon, alitoka asubuhi moja kutafuta ng'ombe waliotawanyika, hakurudi. Kambi nzima ilimshauri ajiandikishe mjane, maana hakuna aliyeamini kwamba Léon atarudi. Alikataa katakata. "Sikuona maiti," akasema. "Miye siwezi kuua mutu na bic." Basi akawa anafua nguo za watu ili alipie mutuelle, sehemu yake na sehemu ya Léon, mwaka kwa mwaka, na kijitabu chake kikawa na majina mawili. Mimi nilitibiwa bure. Nikimwona anakuja na beseni lake kichwani, nilikata njia nyingine. Hata kumsalimu nilikuwa siwezi.

Miaka miwili ikapita. Risasi zilipungua, ingawa wengi wetu tulikuwa bado tunalala na viatu miguuni. Tulitoka kambini tukapanga vyumba, na Mungu ana utani wake: Emerance akapewa chumba kinachopakana na changu, ukuta kwa ukuta. Mwezi wa pili tangu tuhamie pale, Gauthier akarudi. Mpakani alirudisha kadi ya mkimbizi, akapewa karatasi ya mtu aliyerudi kwao. Karatasi ile haikuwa na dawa ndani yake. Alifika ameinama kama mzee, kwa sababu ya henia, na muuguzi alipomgusa tumbo akasema apasuliwe upesi, utumbo ukijinyonga atakufa. Mutuelle ilikuwa inalipia upasuaji, lakini kwa wale tu ambao majina yao yamo kijitabuni, na kuandikisha upya kunafungwa Jumamosi.

"Jina yangu iko mu kijitabu?" Gauthier akaniuliza.

Nikamwambia yote. Akacheka kidogo, kisha kicheko kikamwisha.

"Balikula nini ku matanga yangu?"

"Sombe."

"Na weye ulikula?"

"Nilikula," nikasema. Akageukia ukuta. Afadhali angenipiga kofi.

Mwaka ule, sisi tuliotoka kambini tulipaswa kuandikwa upya, si kama waliohama tena, bali kama wenyeji. Kazi hiyo ilifanyika Jumamosi ile, uwanjani pa kanisa. Kamate anasoma majina kwa sauti ili majirani wasikie, na mwenye neno analisema palepale. Mtu mpya anahitaji mashahidi wawili wa kutia sahihi.

"Émilienne. Mujane. Batoto ine," Kamate akasoma.

Nikasimama. "Miye si mujane," nikasema. "Bwana yangu ni huyu."

Uwanja ukalipuka. "Tulililia mutu muzima!" "Alikula machozi yetu na sombe yetu!" Mmoja akamwuliza Gauthier kama huko mbinguni sukari ni bei gani, watu wakacheka, naye akainamisha kichwa. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya miaka miwili, na ilikwisha mbele ya parokia nzima. Uso wangu sikujua niuweke wapi.

Constant, mwenye nyumba yetu, alitia sahihi ya kwanza. Ya pili ikakosa mtu. Mama Adèle, mkubwa wa akina mama wa parokia, akasimama na kusema bila hasira, "Matanga ikikaliwa, iko na mwenyewe. Siye tulitoa machozi siku tatu. Hakuna mutu ataweka mukono mpaka tujue tulilia nani." Wanawake wote wakaitikia. Nilimchukia Mama Adèle, na nilijua kwamba ana haki, na hakuna chuki chungu kama hiyo. Kamate akatazama saa. Daftari linafungwa saa sita. Gauthier alikuwa kwenye benchi, mikono tumboni, jasho linamtoka.

Ndipo Emerance akainuka. Alikuja polepole hadi mezani, akachukua kalamu, akatia sahihi yake chini ya ile ya Constant. Halafu akageuka.

"Mulilia Léon," akawaambia. "Ile matanga ilikuwa yake. Miye, siku yote tatu, nililia yeye. Basi machozi yenu iko na mwenyewe." Akamsogezea Kamate kijitabu chake. "Toa jina ya Léon."

Kamate alishika kalamu bila kuandika. "Nikitoa, niandike nini, mama?"

"Andika alikufaka."

Hakuna aliyecheka tena. Mama Adèle alikuwa wa kwanza kumkumbatia, kisha wengine wakafuata mmoja mmoja, wakimpa pole kama mtu aliyefiwa asubuhi ile. Jina la Gauthier liliandikwa dakika chache kabla ya saa sita. Nilisimama pembeni na mume wangu aliyeokoka, na sikuthubutu kujiunga na mstari wa kutoa pole. Ningempa pole kwa mdomo gani?

Gauthier alipasuliwa wiki iliyofuata, akapona vizuri. Siku alipotoka hospitali nilienda kwa Emerance. Nilimkuta anakamua shuka za watu. Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha, nimepanga maneno njia nzima, lakini lililotoka lilikuwa swali, maana lilikuwa linanila tangu Jumamosi ile.

"Emerance, balikuletea habari? Balipata maiti ya Léon?"

Hakuacha kukamua.

"Hapana," akasema. "Mpaka leo niko namungoja."