Mkate wa Posa na Madagaska

Mimi nimeishia darasa la nne, na nyumba ya ghorofa Kilindoni ninayo. Nilianza kwa kubeba nazi za watu kichwani kule Kirongwe. Leo lori linalozibeba ni langu. Kwa hiyo msomi akija kwangu asinitishe na miwani.

Yule aliyetaka kumuoa binti yangu wa pekee alikuwa mtaalamu wa mawe. Kazi yake Mbeya, na huko ndiko angempeleka. Kwetu mposaji hukaa kwao, akasemewa na wazee wake. Huyu alikuja mwenyewe, kabanwa katikati ya wajomba zake wawili kama mtuhumiwa.

Likaletwa sinia la mkate wa kumimina. Mkate wa posa hauguswi na mtu mpaka baba wa binti ale kwanza. Akila, amekubali. Asipokula, wageni huondoka na njaa yao.

Nikamuuliza, kwa dharau tu, hayo mawe yana habari gani. Macho yakamng'aa.

"Mzee, zamani sana nchi zote zilikuwa kitu kimoja." Akaunyakua mkate mzima, akaupasua! "Hii Afrika. Hii Madagaska, ilikuwa imegandana na sisi. Hii India." Akawa anavisogeza vipande kwenye sinia. "Mpaka leo mabara yanasogea, polepole kama ukucha unavyoota." Kisha, kwa kujisahau, akaitia Amerika ya Kusini kinywani.

Mjomba mmoja akashika kichwa. "We mtoto! Umekula kabla ya mwenyewe!"

"Mwacheni," nikasema. "Mtu kameza bara zima, adabu itamkaa wapi?"

Akafuta makombo kwenye ndevu. Mjinga wa kusomea. Nikainuka niwaage.

Nyuma ya pazia binti yangu akacheka. Kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu mama yake afariki.

"Madagaska ndiyo haikurudi, baba," akasema. "Mimi nitarudi kila Idi."

Nikakaa. Ile Madagaska ilikuwa ukingoni kabisa mwa sinia. Nikaichukua, nikaibandika ubavuni mwa Afrika. Haikukaa sawa, msomi huyu hata kupasua mkate hajui. Nikaila.

Wajomba wakashusha pumzi, "Alhamdulillahi!" Yeye akataka kuanza kunieleza India ilikwendaje.

"Kula, bwana," nikamwambia, "kabla sijaghairi."