Swali Nililoshindwa Kumuuliza Mkwe

Ilikuwa Alhamisi, msimu wa kuvuna viazi, baba mkwe wangu alipopoteza miguu yake. Haikukatwa. Ilibaki kitandani pale hospitali ya Rangwi kama miguu ya mtu mwingine, na siku tatu kabla nilikuwa nimeishika kwa mikono hii.

Mwanangu unayeanza mafunzo ya tiba ya viungo, nisikilize. Nilikuwa kijana niliyeishia darasa la saba, nikapata nafasi ya kujifunza kutibu migongo kwa mikono. Mwalimu wetu, mama mmoja mkali, alitupa karatasi ya maswali. Kabla hujamgusa mwenye mgongo, uliza: haja ndogo inatoka vizuri? Kuna ganzi pale unapokalia? Jibu likiwa baya usiguse, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

"Mikono yenu haina masikio," alituambia. Tulicheka.

Likizo nikaenda ukweni. Mzee alikuwa ameteleza shambani na gunia la viazi mgongoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Haya mgosi, mwanamume wewe, njoo unikande. Mama yangu alikanda watu mpaka anakufa, na shule hakuiona. Tuone wewe uliyesomea!"

Waliokuwa sebuleni wakacheka, nami nikataka nionekane fundi.

Nilitoa karatasi yangu, nikamuuliza maumivu yalianza lini. Nilimuuliza kama yanashuka miguuni. Nilipofika kwenye haja ndogo, ulimi ukagoma. Mkwe, mwanangu! Kwetu hata kupita mbele yake kifua wazi ni aibu, sembuse kumuuliza habari za chooni. Penye tatizo la mkojo na ganzi nikaandika "hapana". Nikamkanda, nikamnyoosha, akanishukuru.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Alhamisi hakuweza kusimama. Tulimbeba kwa machela hadi barabarani. Hospitalini daktari akamuuliza, nami nimesimama pale pale:

"Mzee, mkojo ulianza kugoma lini?"

"Jumapili."

"Ulimwambia nani?"

"Ningemwambia nani? Mkwe hakuniuliza."

Daktari alisema kama angeletwa Jumatatu ile, huenda upasuaji ungeiokoa miguu.

Niliporudi masomoni mwalimu aliisoma karatasi yangu. "Nani alisema hapana?"

"Mimi."

"Kwani mgonjwa alikuwa wewe?"

Akanirudishia. Cheti nilikipata mwaka uliofuata. Sijawahi kukitundika ukutani.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Heshima ni njema, sikukatazi, lakini heshima yangu siku ile ilinilinda mimi, haikumlinda mzee. Ukiona haya kuuliza, toka nje umwite mwingine aulize. Usiandike jibu ambalo hukulisikia kwa mgonjwa. Na usimshike mtu kwa sababu watu wanakutazama. Mungu akujalie kuivumilia aibu ya dakika moja, akuepushe na hii yangu ya miaka.

Mzee aliishi miaka kumi na tisa bila kusimama, na hakunilaumu hata mara moja. Angenilaumu, pengine ningepata pa kuanzia kuomba radhi. Jumamosi iliyopita tumemzika. Nilipochukua koleo nami nifukie, shemeji yangu, mwanawe wa kwanza, alikuja akaushika mpini kunizuia. Nikamwachia.