Mukakalisa na Mkutano wa Damu

Mukakalisa alikuwa mke wa Hategekimana, mchungaji wa ng'ombe za watu kule Isingiro, wakati huo ikiwa bado ndani ya wilaya ya Karagwe. Wazazi wake walivuka kutoka Rwanda yeye akiwa mgongoni, akakulia kwenye vibarua vya migomba. Mwanamke mrefu, mpole, asiyecheka ovyo. Nilipopita njia ile na mikeka yangu ya kuuza, kwake nilipewa maji na kigoda, basi mengine niliyaona na mengine walinisimulia wenyewe.

Kwao damu ilikuwa na tabia mbaya. Kaka zake wawili walikufa wadogo, mmoja kwa jino lililong'olewa, mwingine kwa kujikwaa tu kwenye kisiki. Damu ikianza kutoka haikujua kukoma. Yeye mwenyewe hakuwa na shida yoyote. Akaolewa, akamzaa Polikarpi, wakamkata kimeo kama wanavyokatwa watoto wengine, akatoka damu mpaka akaisha. Ndipo akaja Celestin. Huyo mama yake aliapa kwamba chuma hakitamgusa. Wembe ulichomekwa juu kwenye nyasi za paa, panga likahamia kwa jirani. Mtoto akafika umri wa shule akiwa hai.

Kilichobaki ni magoti. Mara kwa mara goti lilivimba kama boga, likawa la moto, mtoto akalia usiku kucha. Watu wote, na yeye Mukakalisa akiwamo, waliona huo ni ugonjwa mwingine kabisa. Damu ilikuwa na mambo yake, goti nalo na yake.

Mwaka wa themanini na saba vita vya Amin vilikuwa vimekwisha zamani, na sasa Juliana, ndivyo tulivyouita ukimwi, ilikuwa inafagia nyumba moja baada ya nyingine. Madaktari wa hapa na wa Ulaya wakawa wanakutana Bukoba kujadili mambo ya damu. Daktari Cassian, aliyewahi kumtibu Celestin, akaja Isingiro kumwambia Mukakalisa kwamba siku moja ya mkutano itakuwa ya damu isiyoganda, na wanataka kumsikia mtu wa ukoo wenye tatizo hilo. Alimtaka na mtoto. Lakini asubuhi ya safari goti lilikuwa limeanza tena, na barabara ile ya mashimo ingemtesa, basi akaachwa kwa bibi yake.

"Wanakwenda kukutazama kama senene kwenye chupa," alisema jirani yake Komujuni, akimenya ndizi.

"Nikitiwa kwenye chupa utakuja kunifungua. Mimi nataka dawa ya mtoto wangu, basi." Kisha akamgeukia Kampire, mama mkwe wake. "Mama, wembe usimkaribie."

"Nimesikia, mwanangu. Sijawa kiziwi."

Bukoba walizungumza Juliana kutwa nzima. Zamu ya Mukakalisa ilifika mchana wa siku ya pili. Akawataja wafu wake mmoja mmoja, Mzungu mmoja akichora mistari ubaoni na Cassian akitafsiri. Mistari ilionyesha kwamba jambo lile hupita kwa akina mama, likaonekana kwa watoto wa kiume.

"Kwa hiyo nimempa mimi?" akauliza.

"Umempa bila kujua, mama," akasema Cassian. "Na wewe ulipewa na mama yako."

"Dawa?"

"Ipo Ulaya, inakaa kwenye barafu. Huku haijafika. Na siku hizi hata wao wanaiogopa, maana imetoka kwenye damu za watu, na humo Juliana inaweza kuwamo."

Halafu akauliza habari za goti, kama anayeuliza la nyongeza tu. Ukumbi wote ukageuka kumtazama. Cassian akamweleza taratibu kwamba goti lile ni damu ileile, imemwagikia ndani. Mtoto alazwe atulie, goti liwekewe kitambaa cha maji baridi, lisichanjwe kamwe. Mukakalisa alimwomba arudie. Kwenye gari alirudi akiyasema maneno hayo midomoni kama anayesali.

Nyumbani goti lilikuwa limemliza Celestin mpaka bibi yake akashindwa kula. Ng'ambo ya bonde aliishi Kashaija, mzee wa kuumika, yaani kuchanja na kuvuta damu kwa pembe ya ng'ombe, aliyewahi kuliponya bega la Kampire mwenyewe. Bibi akawaza hivi: huyu damu yake haikomi kwa sababu amejaa damu mbaya, ikivutwa hiyo mbaya, goti litapona kama bega na damu iliyobaki itatulia. Ule wembe wa kwenye paa hakuugusa. Kashaija alikuja na wembe wake mwenyewe. Na Kampire hakumwambia habari za kutokwa damu, kwani tayari watu walinong'ona kwamba nyumba ile ina Juliana.

Kashaija alichanja kidogo, akavuta. Pembe ikajaa haraka. Alipoiondoa, damu iliendelea. Wakaweka majivu, wakaweka majani.

"Mama, mtoto huyu ana nini ambacho hukuniambia?"

Kampire akaendelea kukandamiza majani.

Mukakalisa alifika kesho yake mchana. Celestin alikuwa mkekani, midomo imekuwa ya kijivu.

"Mama, umeniletea nini?"

Alimpa mkate. Akaushika tu. Wanaume wakaleta machela ya miti, wakambeba kwenda barabarani kutafuta gari. Walipofika katikati ya mlima wakasimama, wakaishusha machela, kisha wakageuza.

Baada ya maziko Hategekimana alikuwa hasemi na mama yake. Siku moja Kampire alikaa mlangoni karibu na mkwe wake.

"Walikuambia nini huko?"

"Kwamba goti ni damu ileile, imemwagikia ndani."

"Na dawa yake?"

"Kulala. Na kitambaa cha maji baridi."

Kampire akautazama mtungi uliokuwa pale pembeni. "Maji," akasema.

"Maji, mama."

Mukakalisa hakutaka kuzaa tena. Alimwambia mume wake waziwazi kuhusu ile mistari ya ubaoni, na mume akavumilia mwaka, kisha akaoa mke mwingine kule kijijini Kiruruma na kuhamia huko. Alituma mtu amchukue mama yake. Kampire alikataa kwenda. Nilipopita tena niliwakuta wanawake hao wawili wakipalilia migomba, kila mmoja mstari wake.