Pankeki za Boga kwa Mgeni Mmoja

Mtaa mzima wa Mjambere, hapa Mombasa, hakuna apikaye pankeki za boga kunishinda. Nina diploma ya upishi wa hoteli, nimeitundika sebuleni mahali ambapo anayeingia ataiona kabla hajakaa. Kwa miaka mingi nilikuwa Kanada, katika jiko la hoteli kubwa. Nilianza kwa kuosha sufuria, na nilipoondoka, kifungua kinywa hakikutoka jikoni kwenda kwa wageni kabla mimi sijakionja. Hakuna mjomba aliyeniombea kazi. Nilipanda kwa mikono yangu hii.

Pankeki hizo nilijifunza huko. Mwezi wa kumi majani ya miti hugeuka mekundu, kisha yote humwagika chini, na watu hupanga maboga kwenye vidaraja vya ngazi za milango yao kama sisi tunavyopanga nazi sokoni. Ndio msimu wake. Binti yangu alipokuwa mdogo tulizipika kila Jumamosi ya msimu ule, yeye juu ya stuli akikoroga, mimi kwenye kikaango, dirisha limefunikwa na mvuke hata nje hakuonekani. Ndoa yangu ilikwisha huko huko. Binti akawa mtu mzima mwenye shughuli zake. Nami nikarudi nyumbani kujenga.

Nimejenga. Kiwanja ni kile alichotuachia mama, mimi na dada yangu, na kwa kuwa dada alishaolewa na ana kwake, aliniambia nikitumie. Ile nyumba ya udongo na makuti niliibomoa, nikainua ghorofa, nikaizungushia ukuta, nikatia geti la chuma, na ubavuni mwa geti kengele ya umeme. Jiko nililiweka nyuma kabisa, mbali na vumbi la barabara, na juu ya meko nikafunga feni ya kuvuta moshi. Mtaani kwetu feni ya aina hiyo iko kwangu tu. Meza ya kulia ni ya mvule, fundi aliitengeneza kwa mchoro wangu mwenyewe, na viti vyake havijawahi kujaa.

Niseme ukweli, vingi havijawahi hata kukaliwa. Asubuhi nafuta kile ninachokalia mimi, hivyo vingine navipitishia kitambaa Jumapili.

Dada yangu anakaa mtaa wa pili, mbali kiasi cha chai kupoa. Ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipokuwa sokoni. Tangu nihamie ndani ya nyumba hii hajapata kuikanyaga. Tukikutana kanisani ananiamkua vizuri, ananiuliza hali ya mjukuu wa mama huko ughaibuni, lakini kwangu haji. Nilishakata shauri moyoni kwamba ni kijicho. Watu wengi huwa hivyo mtu wao akiinuka.

Mwaka jana mvua za vuli zilipoanza, asubuhi moja niliamka nikasikia ubaridi kidogo dirishani, ubaridi wetu huu ambao Kanada wangeuvalia kaptura. Nikakumbuka maboga kwenye vidaraja. Jioni yake nikaenda kwa dada. Nilimkuta uani akichambua mchicha.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umepotea njia?"

"Jumamosi uje kwangu tunywe chai ya asubuhi. Nitapika mwenyewe."

"Wewe? Upike?"

"Dada, mimi nina diploma."

"Ya chai?"

"Ya upishi mzima."

Akacheka mpaka mchicha ukamponyoka. "Haya, mpishi wa wazungu. Utanipikia nini?"

"Pankeki za boga."

"Boga nimelila tangu sijaota meno."

"Hili hujalila. Saa mbili."

"Saa mbili nitafika, Mungu akijalia. Na usiniunguzie."

Nilirudi nyumbani nikitembea kama kijana. Nilitaka jambo moja tu: dada yangu aketi kwenye ile meza, ale nilichopika, aone mdogo wake amefika wapi. Nilijua akishaketi siku moja, ataketi na nyingine.

Ijumaa nikaenda soko la Kongowea. Malori kutoka bara yalikuwa yakishusha mizigo, mikokoteni inapita unusurike mwenyewe, na chini ya hema moja nikaona rundo la maboga. Muuzaji alikuwa kijana wa bara, akayaita malenge, kama waitavyo kwao.

"Malenge tamu, mzee! Chukua hili kubwa."

Nikaligonga kwa kidole, nikalitegea sikio. "Hili limejaa maji."

"Sasa mzee, unalinunua ama unalipima presha?"

Mahamali wakacheka. Nikawaacha wacheke. Nikachambua rundo mpaka chini, nikatoa moja dogo, zito kuliko umbo lake, kikonyo kimekauka na ganda gumu.

"Ameliacha rundo lote akachukua lenye afadhali," akasema yule kijana akimwambia jirani yake. "Huyu si wa kuchezea."

Huyo si wa kwanza kuligundua hilo.

Sasa nieleze kazi ilivyo, maana wengi huharibu hapa. Boga la kwetu lina maji mengi kuliko lile la Kanada. Ukilichemsha utapata uji. Mimi nililikata vipande na maganda yake, nikalipika kwa mvuke, nikalimenya likiwa la moto, nikaliponda, kisha nikalifunga ndani ya kitambaa cheupe na kulining'iniza kwenye bomba la sinki lichuruzike mpaka asubuhi. Asubuhi lilikuwa kavu na la rangi ya dhahabu, kama siagi. Nikalichanganya na mayai, maziwa mgando na siagi iliyoyeyushwa. Bakuli la pili nikatia unga wa ngano, bekingi pauda, chumvi, mdalasini, tangawizi ya unga, kungumanga niliyoikwaruza hapo hapo na karafuu kidogo sana, kwa sababu karafuu ikizidi utadhani umepika dawa ya meno. Vya maji nikavimimina kwenye vya unga, nikakoroga polepole na kuacha mabonge madogo. Anayekoroga mpaka rojo likalainika kama rangi ya ukuta atapata pankeki ngumu. Na zisichanganywe na chapati za maji. Chapati ya maji ni nyembamba, hii huumuka ikawa nene kama godoro la mtoto.

Mvua ilikuwa ikinyunya, nikafunga dirisha. Nikawasha feni. Ina ngurumo kidogo, lakini moshi wote huumeza. Saa mbili ilipokaribia nikamimina upawa wa kwanza, matundu yakafunguka juu, nikaigeuza. Rangi ya asali. Ya pili, ya tatu. Nilizipanga kwenye sahani nyeupe ya maua, nikazifunika kawa zisipoe, na kando yake nikaweka chupa ya mwisho ya shira niliyokuja nayo kutoka Kanada, ile inayotengenezwa kwa utomvu wa mti. Nilikuwa nikiitunza kwa ajili ya mgeni.

Saa mbili ikapita. Nikaongeza rojo kwenye kikaango, nikijiambia watu wa kwetu saa wanaifuata kwa mbali. Nikapika zote. Nilipozima feni nyumba ikawa kimya, nikasikia matone kwenye bati la gereji. Niliketi kwenye kiti changu nikakitazama cha mbele yangu. Simu ilikuwa mkononi, ila mtu hampigii mgeni kumwuliza mbona hujafika. Huko ni kuomba, na mimi sikuzoea kuomba. Badala yake nikaipiga picha ile sahani, nikamtumia binti yangu. Kule ilikuwa usiku, amelala. Alama ya tiki chini ya picha ikabaki moja.

Nilikula pankeki moja nimesimama karibu na sinki. Ilikuwa nzuri, pengine kuliko zote nilizowahi kupika. Sikutia shira.

Baadaye nikatoka kwenda kutupa maganda. Ng'ambo ya geti langu kuna mama anayeuza mahamri na mbaazi kila asubuhi chini ya turubai. Nilikuwa nimempita bila neno aliponiita.

"Baba! Mbona wamrudisha dadako?"

"Nimemrudisha nani?"

"Dadako, leo, na mvua hii. Alisimama hapo getini amejitanda leso mpya. Akapiga hodi, kimya. Akapiga ya pili, kimya. Ya tatu, kimya. Akageuka."

"Kuna kengele pale, mama."

"Kengele!" Akageuza hamri kwenye mafuta. "Ile twajua ni ya watu wa stima. Mtu ende kwa nduguye abonyeze ukuta?"

Niligeuka nikaitazama kengele yangu.

"Na si leo tu, wallahi. Ulipohamia alikuja na kikapu, akapiga hodi zake tatu akarudi. Na Krismasi vilevile. Sisi hapa twasema, huyu bwana amekuwa mkubwa, hataki watu."

Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Nimezaliwa hapa. Hodi ni tatu. Usipoitikiwa ya tatu, wenyewe hawapo au hawataki mgeni, nawe hurudi bila lawama mdomoni. Hodi ya mama yangu ilisikika mpaka nyumba ya tatu, kwa kuwa kuta zilikuwa za udongo na mlango ulikuwa pazia. Miaka yote niliyokuwa Kanada sikupata kupigiwa hodi hata moja. Kule watu hubonyeza. Basi nilipojenga, niliweka cha kubonyezwa, na jiko nikalipeleka mbali ambako sauti ya mtu haifiki.

Nilirudi ndani, nikachukua ile sahani na kawa lake na shira, nikaenda mtaa wa pili kwa miguu huku mvua ikininyeshea. Mlango wa dada ulikuwa wazi, pazia limeshushwa. Nilisikia kijiko kikigonga kikombe.

"Hodi."

Kijiko kikanyamaza.

"Hodi!"

Kimya. Kuna mtu ndani, nilimsikia anavuta kiti. Maji yalikuwa yakinitiririka shingoni. Nilibakiwa na moja, nikaogopa kuitumia. Nimepita mbele ya wakaguzi wa uhamiaji, nimefanya mtihani wa diploma katika lugha isiyo ya mama yangu, na sikuogopa hivyo.

"Hodi, dada."

"Nani?"

"Ni mimi. Ndugu yako."

"Ndugu yangu hapigi hodi. Ndugu yangu ana kengele."

"Dada, nanyeshewa."

"Na mimi nilinyeshewa." Kiti kikavutwa tena. "Karibu."

Alikuwa bado na ile leso mpya. Nikaiweka sahani mezani, nikamweleza habari ya feni na dirisha. Alinisikiliza akitazama kikombe chake.

"Ungenipigia simu, dada, ukiwa pale nje."

"Nipige simu ndipo niingie kwenye kiwanja cha mamangu?"

"Au ubonyeze tu."

"Nibonyeze kama muuza maji?"

Akafunua kawa. Akachukua pankeki kwa mkono, akaimega, akaila polepole bila kunitazama. Nikammiminia shira.

"Hii ni asali gani?"

"Utomvu wa mti. Huugema, wakauchemsha."

"Kumbe nao hugema?"

"Hugema, kama sisi mnazi."

"Basi si wabaya sana." Akala ya pili. "Ni nzuri. Hiyo diploma yako haikudanganya."

Nimepokea vyeti viwili vya pongezi hotelini, kimoja kimetiwa sahihi na meneja mkuu. Niliketi pale na shati linadondosha maji sakafuni, nikamwomba arudie alivyosema.

"Usinichoshe," akasema.

Nilipoinuka kuondoka nikanyoosha mkono kuchukua sahani. Akaivuta kwake.

"Iache. Sahani ya watu hairudishwi tupu, na leo sina cha kutia. Nitaileta mwenyewe."

"Lini?"

"Sahani haina siku. Nikipata cha kutia nitakuja."

Jumamosi nyingi zimepita, na sahani bado iko kwa dada. Ukuta sikuubomoa, ni jasho langu, na kengele ingali pale. Lakini Jumamosi asubuhi geti naliacha limeegeshwa, milango yote hadi jikoni iko wazi, na feni siiwashi. Mapazia yameanza kunuka siagi na mdalasini. Binti yangu alijibu ile picha kwa moyo mwekundu, nami nikamjibu kwa mwingine.

Napika kwa moto mdogo ili mafuta yasipige kelele. Nje namsikia muuza maji na madumu yake yakigongana, mkokoteni unaopiga mashimo, mama wa mahamri akigombana na mteja wa deni. Siku hizi nasikia kila kitu cha mtaa huu, kitu ambacho sikuwahi tangu nihamie. Kiti cha mbele yangu nakifuta kila Jumamosi kabla sijaanza kumimina. Hata akipiga hodi moja tu, nitaisikia.