Tanga la Bibi Mwarmenia

Bibi wa ghorofa ya chini nilimchukia kabla sijajua ametoka wapi. Jengo letu la Skärholmen, pembeni mwa mji wa Stockholm, lilikuwa na chumba kimoja cha kufulia, chini kabisa, na mlangoni palikuwa na ubao wa zamu. Kila nyumba ilikuwa na kufuli yake ndogo. Unaichomeka kwenye saa unayoitaka, na saa hiyo ni yako. Mswidi atakusamehe ulevi, atakusamehe hata kutomwamkia, lakini zamu ya kufua usimguse. Nami nilikuwa nimeshaanza kuwa Mswidi kwa jambo hilo. Zamu yangu ilikuwa Jumamosi asubuhi, na Jumamosi nikishuka na nepi za mtoto namkuta yeye, gauni jeusi, soksi nyeusi, kitambaa cheusi, mashine zote ameshazijaza. Nikimwonyesha ubao, ananionyesha mgongo.

Tuligombana kwa Kiswidi cha watu wawili wasiokijua. Maneno yakituishia, kila mtu alirudi kwenye lugha yake. Mimi nilimwita mchawi. Yeye sijui aliniita nini, ila lilikuwa refu, na alilisema akiwa ameshika brashi ya sakafu. Tulikwenda hivyo kipupwe kizima.

Jumamosi moja ya mwezi wa Aprili nilishuka nikamkuta kwenye benchi, mashine tupu, analia bila sauti. Nilitaka kumshukuru Mungu nifue. Lakini kwetu humpiti mtu analia ukaenda kuloweka nepi. Nikamuuliza nani amekufa. Akasema baba yake. Nikampa pole, nikauliza lini. Akasema alipokuwa mtoto mdogo.

Nilikaribia kumcheka. Mwanamke ana mvi kichwa kizima, analilia msiba wa utotoni! Ndipo akaniambia, kidogo kidogo, kwa Kiswidi chake cha kuokoteza, kwamba Aprili ndio mwezi ambao watu wake huwalilia wafu wao. Yeye ni Mwarmenia, baba yake alikuwa fundi wa vyombo vya shaba katika mji wa Uturuki ya wakati ule. Askari waliwatoa wanaume kwanza, wakawapeleka nje ya mji. Wanawake na watoto wakaambiwa watembee, wakatembezwa mpaka jangwani. Mama yake alikaa kando ya njia akasema anapumzika, wakamwacha hapo. Yeye alifika Beirut na watu wasiokuwa wake, akakulia huko, mpaka mwanawe alipopata kazi ya kiwandani Uswidi akamleta. Waturuki, alisema, wanashikilia kwamba ilikuwa vita tu, na vitani watu hufa. Yeye alitaka liitwe kwa jina lake kabla hajafa. Akalitaja kwa Kiswidi: folkmord. Siku hizi tunasema mauaji ya kimbari. Wakati ule sisi hatukuwa na neno.

Sikuweza kufua. Sababu yake haikuwa huruma peke yake, maana mimi si mtu wa huruma nyingi. Baba yangu alikuwa na duka dogo shamba huko Unguja. Mafuta ya taa, viberiti, sukari ya kupima. Mmanga, kama tulivyoitwa sisi Waarabu wenye asili ya Omani. Januari ile ya mapinduzi watu walimtoa dukani wakaenda naye, na hakurudi. Mwili hatukuuona. Mama aliambiwa asilie kwa sauti, na tanga halikukaliwa hata siku moja, kwa kuwa ni nani angethubutu kuja kuketi kwenye jamvi letu? Baadaye nilivuka bara, nikaolewa Dar es Salaam na kijana wa bara aliyesomea sheria, nikaja naye Uswidi, mimi nikisomea uuguzi. Nyumbani kwetu palikuwa na neno moja lisilotamkwa. Baba yangu “alifariki wakati wa mapinduzi”. Hakuuawa. Mume wangu alikuwa anangoja kazi ya serikali huko Dar es Salaam, na alinifundisha kusema hivyo kama unavyomfundisha mtoto kutosema matusi mbele ya wageni.

Habari za yule Mwarmenia nilimsimulia bibi mkubwa wetu mmoja, mama wa Mombasa aliyeolewa na baharia Mswidi akabaki mjane huko Hässelby. Sisi wanawake tuliokutana kwa Kiswahili katika mji ule tulimfuata yeye katika harusi, uzazi na misiba. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

“Mwanangu, mtu hakai tangani miaka sitini. Huyo hana watu wa kumwanulia. Twende tukamwanulie tanga lake, mama wa watu apumue.”

Kwetu ndivyo ilivyo. Watu huja kwa mfiwa, hulala kwenye majamvi, humpikia asiguse chungu. Kisha siku hufika, mkubwa akasema tanga limeanuliwa, majamvi yakakunjwa, na mfiwa akaruhusiwa kuoga vizuri, kucheka na kurudi kazini. Asipoanuliwa atabaki hapo hapo. Ni wema mkubwa, na sisi wote tuliuona hivyo. Nilimuomba bibi ruhusa ya kuja na wenzangu “kulia naye”. Alinitazama kwa shaka, kisha akakubali.

Jumapili tuliingia kwake na pilau, majamvi mawili na uvumba. Mume wangu alibeba sufuria. Mwanawe bibi, mwanamume wa makamo mwenye sauti ya taratibu, alikodoa macho kuona sebule yake imegeuka Uswahilini. Lakini bibi alifurahi. Aliketi chini kati yetu, akala, akalia, nasi tukalia naye. Mwenzetu Mkristo wa Kenya aliimba wimbo wa kanisani, sisi tukasoma fatiha, kila mtu na dua yake.

Mwanawe akamuuliza mume wangu: wewe ni mtu wa sheria, unasemaje, ni folkmord au si folkmord? Wako wasomi wanaosema neno lenyewe lilitungwa baadaye, kwa hiyo haliwezi kurudi nyuma.

Mume wangu aliweka sahani chini. Nakiri alisema vizuri. Alisema ugonjwa huua kabla daktari hajaupa jina, na ukishapewa jina, waliokufa nao zamani walikufa nao vile vile. Alisema cha kutazama ni nia. Ukiwatoa wanaume wote wa kabila moja ukawamaliza, ukawapeleka wanawake na watoto mahali pasipo maji, hukuwa unapigana vita, ulikuwa unafuta watu. Na si Waarmenia tu, na Wakristo wengine wa pande zile, Waashuri na wenzao. “Ni folkmord,” alisema. “Asiyelisema anaogopa mtu.” Bibi alipotafsiriwa alimshika mkono akaubusu. Mimi niliacha kula. Miaka yote ya ndoa yetu sikujua kwamba mume wangu ana maneno hayo.

Ndipo bibi mkubwa wetu akasimama kumaliza kazi. Alikunja jamvi la kwanza, akasema kwa sauti ya upole, “Haya mama, tanga limeanuliwa. Maji yakimwagika hayazoleki. Na kifo cha wengi harusi. Mwachie Mungu, vua nyeusi.”

Mume wangu, kwa kupenda kuonyesha Kiswidi chake, akatafsiri yote, hata harusi. Mwanawe akasita, kisha akamwambia mama yake. Bibi aliinuka sakafuni haraka kuliko nilivyodhani anaweza.

“Nani amewatuma?” alisema. Alimwelekea bibi mkubwa wetu, lakini kidole kilinielekea mimi. Alisema hata hilo la kwamba waliuawa bado halijakubaliwa, na sisi tumekuja na wali kummalizia msiba. Hilo ndilo wanalolitaka Waturuki, yeye na watu wake waache kulia. Yeye nyeusi hataivua mpaka wakiri. “Tokeni!”

Bibi mkubwa wetu naye hakuzoea kufukuzwa. Alisema tumemletea wema naye anatutemea, akavuta jamvi la pili huku mwenzetu mmoja bado amelikalia. Tulitoka mlangoni tukisukumana, kila mtu amekasirika kwa lugha yake. Sufuria yangu ilibaki.

Kule juu mume wangu alikuwa anacheka. Nikamngoja amalize, nikamuuliza, “Na baba yangu?”

“Mama watoto, usianze.”

“Umesema nia. Umesema asiyesema anaogopa mtu. Na baba yangu je?”

“Yale yalikuwa mapinduzi. Wanyonge waliinuka.”

“Baba aliuza viberiti.”

“Katika kila mapinduzi watu hufariki.”

“Nani aliwafarikisha?”

Akaniashiria nipunguze sauti. Skärholmen, ambako nyuma ya ukuta wa kulia alikuwa Mfini na wa kushoto mzee Mswidi kiziwi! Nilimwambia mambo ambayo mke hamwambii mume, naye akayajibu, na mtoto akaamka.

Kesho yake mchana nilishuka kufuata sufuria yangu. Bibi alifungua mlango kidogo. Sikumuomba radhi, wala yeye hakunikaribisha. Nikamwambia pale pale kizingitini habari ya baba yangu, duka, watu waliokuja, jamvi ambalo hatukulitandika. Nilitaka anipe neno lake. Nilifikiri mtu aliyenyimwa kitu hicho maisha yake yote hatakuwa na roho ya kumnyima mwingine.

“Mlitembezwa jangwani?” aliuliza.

“Hapana.”

“Watu wenu wamekwisha?”

“Hawajaisha.”

“Basi si folkmord,” alisema. “Yenu ilikuwa mapinduzi.”

Maneno yale yale ya mume wangu, kwa Kiswidi kibovu. Jibu lilikuwa tayari ulimini: na yenu ilikuwa vita tu, na vitani watu hufa. Nilijua lingempata hasa pale ninapotaka. Badala yake nikapiga kelele, “Basi baba yangu alipatwa na nini?”

Alinikunjia uso, kama nimemuuliza swali la kijinga.

“Aliuawa,” alisema. “Walimuua. Walikuja dukani, wakamchukua, wakamuua. Hulijui hilo?”

Akanipa sufuria yangu, haijaoshwa, akafunga mlango. Nilibaki kwenye ngazi nikilia kwa sauti, kilio kile ambacho mama yangu alikatazwa, na Mswidi mmoja aliyekuwa anapanda na mifuko yake akageuka akashuka tena. Bibi yule sikumpenda siku hiyo, na mpaka leo simpendi. Lakini katika watu wote niliowajua tangu nitoke Unguja, wa kwanza kunisemea neno hilo alikuwa yeye.

Nikapanda juu. Mume wangu alikuwa jikoni na vitabu vyake. Nikamwambia folkmord akae nayo, sibishani naye sheria. Aseme tu, sisi wawili, kwa Kiswahili chetu, baba yangu aliuawa. Basi. Sitamwambia mtu kwamba amesema.

Aliinuka akafunga dirisha. Nikadhani anafunga ili aseme. Kisha akakaa, akavuta kitabu karibu, akaniambia, “Unajua siwezi.”

Kabla ya theluji nilihamia Norsborg, mtaa mwingine wa mji ule ule, na watoto. Watu wetu walisema Uswidi imeniharibu, kwamba nimemwacha mume kwa ugomvi wa chumba cha kufulia, na bibi mkubwa wetu hakukanyaga kwangu. Sikumweleza mtu. Kazi ya serikali ilikuja mwaka uliofuata, naye akaja kuaga. Binti yetu mkubwa alimuuliza, kwa Kiswidi kama kawaida yake, kama huko aendako ataonana na babu wa Unguja.

“Babu yako alifariki zamani,” alimwambia. “Kwa homa.”

Nilikuwa nimesimama mlangoni nimeshika koti la mtoto. Nikamwambia binti yangu, mbele ya baba yake, kwamba babu yake hakuugua, babu yake aliuawa. Mtoto alimtazama baba, akangoja. Baba yake alitazama saa, akasema treni itamwacha.