Gego Jeusi la Mokami

NYARERO, TARIME – Asubuhi hii Kornelio Werema, mganga wa meno, bado hajaikanyaga mashine yake ya kutobolea meno, ile inayozungushwa kwa mguu. Ameinama tu, anatazama gego la chini la Mokami, msichana wa miaka minane. Mtoto akivuta hewa kwa kinywa, machozi yanamtoka.

Gego hilo liliota likiwa dhaifu, la manjano, linamomonyoka kama udongo wa kichuguu.

"Mtoto hana kosa," anasema Kornelio. "Na halitaota lingine. Hili ndilo la kuzeekea nalo."

Mwezi uliopita aliliziba kwa saruji nyeupe yenye mafuta ya karafuu. Maumivu yalitulia, lakini saruji hiyo ni laini, na mahindi ya kuchoma hayana huruma. Imelika yote jinoni. Ya kujaribu sasa ni ile ya fedha na zebaki, ngumu kweli kweli, ila ikikaa inageuka nyeusi.

Hapo ndipo penye mtihani. Mwaka juzi, familia zilipohamia kijiji cha ujamaa, Kornelio alimziba hivyo Kisyeri, kaka yake Mokami. Bibi yao, Mogesi, alipoona weusi akajua limeoza. Akampeleka kwa mng'oaji wa gulioni, gego zima likatoka. Hadi leo Kisyeri anatafunia upande mmoja. Inauma hata kusikia.

"Mura, kijana wangu, jino jeusi ni jino bovu," anasema Bibi Mogesi, amesimama mlangoni na mikono ameikunja. "Weka nyeupe."

"Nyeupe nitaweka chini, bibi, imtulize. Juu nitaweka ngumu. Njoo unishikie kioo, uone mwenyewe."

Umeme hakuna. Bibi anashika kioo cha kunyolea dirishani, mwanga wa jua unaingia kinywani mwa mjukuu. Kornelio anakanyaga polepole, anaondoa palipomomonyoka, anapaka nyeupe, kisha anashindilia ya fedha. Inang'aa.

"Itakuja kuwa nyeusi kama sufuria ya jikoni," anamwonya bibi. "Lakini sufuria nyeusi si inapika?"

Bibi anasogeza kioo, analitazama tena gego.

"Na la Kisyeri lilikuwa hivi?"

"Lilikuwa hivi, bibi. Nami sikukuita uone."

Kornelio anasema tangu sasa hazibi gego la mtoto kabla mkubwa wa nyumba hajashika kioo. Bibi Mogesi naye ana mpango wake.

"Nyumbani yuko mdogo wao, gego ndiyo kwanza linaota," anasema, akimfuta Mokami machozi kwa ncha ya kitenge. "Nitamleta kabla halijauma. Na kioo nitashika mimi."